Sanduku la Jiko Nyuma ya Gari: Chakula Ndani, Moto Nje

Safari ndefu ya familia mara nyingi huanza kwa vicheko na kuishia kwa njaa. Askari apatapo uhamisho, au apewapo likizo ya kwenda kwao, mizigo hupangwa usiku kucha: magodoro chini, masanduku juu yake, kuku ndani ya kikapu, na vyombo vya jikoni hutiwa popote penye nafasi. Alfajiri gari huondoka. Ifikapo saa saba mchana watoto huanza kulia, na mchele umelaliwa na magodoro matatu. Baba hana budi kusimamisha gari kando ya soko na kununua chakula cha watu watano kwa bei ya msafiri. Jioni hununua tena. Wafikapo kwenye kituo kipya, fedha zilizowekwa kwa ajili ya wiki ya kwanza zimekwisha kuliwa njiani.

Wako wengine ambao hubeba sigiri na gunia la mkaa. Hao huokoa fedha, lakini baadhi yao hujiingiza katika hatari iliyo kubwa kuliko njaa, kwa sababu makaa ambayo hayajazimika sawasawa hurudishwa ndani ya gari, na milango ikafungwa.

Mambo hayo mawili yana dawa moja, nayo ni sanduku la jiko. Hili ni sanduku la mbao lifungwalo nyuma ya gari, lenye droo ndefu, yaani mtoto wa meza, ambayo huvutwa nje gari lisimamapo. Ndani yake hukaa jiko, vyombo na chakula, kila kitu mahali pake. Fundi seremala yeyote aweza kulitengeneza, na hata mtu asiye fundi, mradi ana msumeno, rula na subira. Walakini kazi hii ina sheria tatu ambazo hazina msamaha: uzito ujulikane, sanduku lifungwe, na moto ubaki nje.

ASILI YA JIKO LA SAFARI

Wazo la kufunga jiko nyuma ya chombo cha safari si geni. Mwaka 1866 mfugaji mmoja wa Marekani, Charles Goodnight, alijiandaa kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi New Mexico pamoja na mwenzake Oliver Loving. Safari ya namna hiyo ilipita katika nchi kavu isiyo na maduka, na wachungaji walihitaji kula kila siku. Goodnight alichukua gari kuukuu la jeshi, la kukokotwa na wanyama, akafunga nyuma yake kabati la mbao lenye vyumba vidogo vya unga, maharage, kahawa, chumvi na vyombo. Mlango wa kabati hilo ulikuwa na bawaba upande wa chini. Ulipofunguliwa na kutegemezwa kwa mguu, uligeuka kuwa meza ya mpishi. Pipa la maji lilifungwa ubavuni, na chini ya gari ilitundikwa ngozi ya kubebea kuni kavu.

Jambo la kuangaliwa katika habari hiyo ni kwamba moto haukuwashwa juu ya gari. Mpishi alichimba shimo ardhini, nyuma ya gari, akapika hapo. Gari lilikuwa ghala na meza, halikuwa jiko. Watu wale walifahamu kwamba moto ukilishika gari, msafara mzima umekwisha.

Afrika ya Mashariki nayo ina funzo lake, tena la uchungu. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana katika nchi hizi yalikosa barabara, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula cha askari kilibebwa vichwani na wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, uchovu na njaa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na lile la Kariokor mjini Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Mpagazi naye alihitaji kula, na kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo sehemu ya mzigo iliyoliwa njiani ilivyoongezeka. Tangu siku zile imejulikana kwamba chakula cha safari si suala la ladha tu. Ni hesabu ya kilo.

Hesabu hiyo haikubadilika hata baada ya kuja kwa motokaa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, na miaka michache baadaye Toyota ikaanza kuunda Land Cruiser. Magari haya yalienea katika vikosi, misheni na miradi ya Afrika, nayo ndiyo yafaayo zaidi kwa kazi inayoelezwa hapa, kwa kuwa yana sakafu ya nyuma iliyo bapa. Hata hivyo pikapu au gari dogo la abiria lenye mlango wa nyuma laweza kutumiwa, vipimo vikipunguzwa.

ANZA NA CHAKULA, SI MBAO

Kosa la kwanza la watengenezaji wengi ni kununua mbao kabla ya kujua kitakachowekwa ndani. Baba hurudi na sanduku zuri lililopakwa vanishi, kisha sufuria ya ugali ikakataa kuingia. Yafaa basi kazi ianzie sakafuni, jikoni, si katika karakana.

Mwenye jiko na atandike mkeka, aweke juu yake kila kitu atakachohitaji kwa siku mbili za safari. Kwa familia ya watu watano vyatosha vitu hivi: jiko la gesi la kichomeo kimoja, sufuria mbili zinazoingiliana na vifuniko vyake, kikaango, mwiko, visu viwili, ubao wa kukatia, sahani na vikombe vitano vya bati, birika, kiberiti ndani ya kopo lisiloingiza maji, sabuni na kitambaa. Upande wa chakula na viwekwe unga, mchele, dengu, dagaa wakavu ambao Uganda huitwa mukene, mayai, vitunguu, nyanya, mafuta katika chupa yenye kizibo imara, chumvi, sukari na majani ya chai.

Mazungumzo ya wakati huo ndiyo yatakayookoa mbao.

"Mama watoto, hii sufuria kubwa ni ya lazima?"

"Baba, watoto wako watatu hawashibi kwa ile ndogo. Ukinipimia sanduku, lipime kwa hii."

"Na kinu je?"

"Kinu kibaki. Karanga nitatwanga nyumbani."

Hivyo ndivyo ipasavyo. Kila kitu kinachoweza kutwangwa, kuchambuliwa au kukatwa nyumbani kifanywe nyumbani, na chakula kichaguliwe kwa wepesi wa kuiva. Maharage makavu hula gesi nyingi, hasa katika nchi za juu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi za Selsiasi badala ya 100, na maharage huchelewa zaidi kulainika. Dengu, mchele na mayai hazina taabu hiyo. Tena chakula kilichopikwa kisikae katika joto la gari zaidi ya saa moja. Kipikwe, kiliwe kingali moto, kiishe.

VIPIMO NA VIFAA

Baada ya vyombo kupimwa, na lipimwe gari: upana kati ya mataa ya magurudumu ya nyuma, urefu kutoka mlangoni hadi mgongo wa kiti, na kimo hadi chini ya dirisha. Sanduku lisizibe kioo cha nyuma. Vipimo vifuatavyo ni vya mfano, kwa gari la aina ya Land Rover au Land Cruiser ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwa pembeni.

Sanduku la nje: urefu sentimita 90 bila unene wa mgongo, upana 50, kimo 40.

Vifaa vinavyohitajika ni hivi:

Plaiwudi nzima ya milimita 18, yenye sentimita 122 kwa 244, kwa sanduku la nje.

Nusu ya plaiwudi ya milimita 12, kwa droo.

Reli mbili za chuma za kutelezea, za sentimita 90, zinazohimili angalau kilo 70 kwa jozi.

Skrubu za sentimita 5 kwa sanduku na za sentimita 3.5 kwa droo, pamoja na gundi ya mbao.

Vyuma vinne vya pembe kwa ajili ya kona za chini.

Makomeo mawili imara, bawaba moja pana, na bolti nne za milimita 10.

Kipande cha bati la alumini, msasa na vanishi.

Kifuniko na sakafu ya sanduku vikatwe sentimita 90 kwa 50. Mbavu mbili zisimame kati yake, kila moja sentimita 90 kwa 36.4, kwa maana unene wa mbao mbili za milimita 18 hupunguza sentimita 3.6 katika kimo. Mgongo wa sentimita 50 kwa 40 upigiliwe kwa nyuma. Mbele huachwa wazi.

Upana wa droo ndio uwakoseshao wengi. Kutoka sentimita 50 hutolewa unene wa mbavu mbili, yaani 3.6, kisha hutolewa unene wa reli mbili. Reli yenye unene wa sentimita 1.9 kila upande hula sentimita 3.8. Hubaki 42.6, na huo ndio upana wa droo kwa nje. Reli zinunuliwe kwanza na zipimwe kwa mkono. Tofauti ya nusu sentimita yatosha kuifanya droo ikwame au icheze.

KAZI YENYEWE

Matundu ya skrubu yatobolewe kwanza kwa keekee nyembamba ili mbao zisipasuke. Gundi ipakwe, kisha skrubu zikazwe kila baada ya sentimita 15. Kabla gundi haijakauka, na upimwe mdomo wa sanduku kutoka kona hadi kona, kwa njia zote mbili. Vipimo vikilingana, kona ni sawa. Visipolingana, sanduku limepinda, nalo lisukumwe polepole hadi linyooke. Kosa hilo halirekebishiki gundi ikisha kauka.

Droo iwe na urefu wa sentimita 88, nayo igawanywe sehemu mbili kwa ubao wa katikati. Nusu ya ndani ni ya chakula na vyombo, na mbavu zake ziwe na kimo cha sentimita 25. Nusu ya nje ni ya jiko, na mbavu zake zikatwe ziwe sentimita 9 tu, ili kichomeo kikae juu ya ukingo wa mbao wala ndimi za moto zisiulambe. Sakafu ya nusu hiyo, mbavu zake na ubao wa katikati ulioelekea jiko vifunikwe kwa bati la alumini, na chini ya jiko viwekwe vipande viwili vya chuma ili hewa ipite. Juu ya nusu ya ndani ulazwe ubao wa kukatia, ambao ndio kifuniko na ndiyo meza.

Reli zifungwe kwa kimo kimoja kila upande, zikiwa sambamba. Asiye na uwezo wa kununua reli atumie vipande vya mbao ngumu vilivyopigwa randa na kusuguliwa kwa mshumaa. Droo yake itateleza vyema, ila iwekewe kizuizi isivutwe zaidi ya nusu, na jiko litolewe likatumiwe juu ya meza yake lenyewe.

Mwisho mbao zote zisuguliwe kwa msasa na kupakwa vanishi mara tatu, hasa kingo, kwa kuwa mvuke na maji yaliyomwagika hupenya hapo na kuzibandua tabaka za plaiwudi.

UZITO NA MIZANI

Hapa ndipo penye hesabu ambayo haina budi kufanywa. Sanduku la vipimo hivyo, likiwa tupu, lina uzito wa kilo 19 hivi. Droo yenyewe ni kilo 8, jiko kilo 3, vyombo kilo 8 na chakula kilo 15. Droo iliyojaa basi ni kilo 34.

Na ichukuliwe kwamba sanduku limewekwa tu juu ya sakafu ya gari bila kufungwa, na droo imevutwa yote. Uzito wa kilo 34 sasa uko nje, na kitovu chake kiko sentimita 44 kutoka ukingo wa gari: 34 mara 44 ni 1,496. Uzito unaolizuia sanduku lisipinduke ni kilo 19, kitovu chake kikiwa sentimita 45 ndani: 19 mara 45 ni 855. Upande wa nje umeshinda. Sanduku litapinduka, na sufuria ya uji wa moto itamwangukia yule aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto aliyekuja kuuliza kama chakula kimeiva.

Kwa sababu hiyo sanduku lifungwe kwa bolti nne zinazopita kwenye vyuma vya pembe hadi sakafuni mwa gari, na chini ya kila nati kiwekwe kipande kipana cha chuma ili bati la gari lisichanike. Kabla ya kutoboa, mtu aingie chini ya gari na taa, ahakikishe kwamba hapana tangi la mafuta, bomba la breki wala waya mahali pale. Penye matundu au pete za kufungia mizigo, hizo zitumiwe badala ya kutoboa upya.

Aidha, mdomo wa droo uwekewe mguu wa kukunja wenye bawaba. Mguu huo usaidie reli, na chini yake kiwekwe kibao ili usizame katika udongo laini. Ieleweke kwamba gari hushuka na kupanda kwenye springi zake watu waingiapo na kutoka. Kwa hiyo wakati wa kupika asiwepo mtu ndani ya gari, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe.

Makomeo yawe mawili na kila moja lina kazi yake. La kwanza huizuia droo isifunguke gari lipandapo mlima, kwa maana hapo uzito wote husukuma mlango wa nyuma. La pili huizuia isijirudishe ndani ikiwa gari limesimama mahali penye mteremko.

Askari wa usalama barabarani wafahamu vizuri jambo lifuatalo, lakini familia nyingi hazilifahamu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafula, kila kisichofungwa ndani yake huendelea mbele kwa mwendo ule ule, sawa na kitu kilichoanguka kutoka kimo cha mita 10. Kwa kilomita 80 kwa saa, ni kama kimeanguka kutoka mita 25. Hapana mzazi ambaye angekubali mtoto wake akae chini ya ghorofa huku mtu juu akiangusha mtungi wa gesi. Walakini mtungi usiofungwa nyuma ya kiti cha mtoto ni jambo lile lile.

Maji nayo yasisahauliwe. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kamili. Liwekwe chini, karibu na mgongo wa kiti, wala lisiwekwe mlangoni au juu ya paa, nalo lifungwe kwa mkanda. Ukijumlisha sanduku, droo, reli, maji na mtungi mdogo wa gesi, mzigo wote hukaribia kilo 95. Huo ni uzito wa abiria mwingine mzima. Basi mwenye gari na ahesabu kwamba amepakia mtu mmoja zaidi, aongeze upepo wa magurudumu kama kitabu cha gari kinavyoagiza, na apunguze mzigo mwingine.

MOTO UBAKI NJE

Sehemu hii isomwe na kila mtu wa nyumbani, hata watoto waliokwisha kujua kusoma.

Jiko la gesi litumiwe droo ikiwa imevutwa yote, mlango wa gari ukiwa wazi kabisa, na upepo ukipeperusha moto mbali na gari. Ikiwa mlango wa nyuma hufunguka kwa kuinuka juu, jiko litolewe likae juu ya meza yake, hatua kadhaa kutoka garini, maana joto litapanda na kuunguza mlango huo pamoja na nyaya zake. Mtungi usimame wima ardhini, pembeni, kadiri mpira unavyofika. Mpishi augeuzie ndani mpini wa kikaango.

Kila mpira unapounganishwa, viungo vipakwe povu la sabuni. Vipovu vikizidi kuvimba, gesi inavuja. Isijaribiwe kamwe kwa njiti ya kiberiti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haipandi juu bali hukaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ikingoja cheche. Wakati wa safari mtungi ufungwe valvu, utolewe mpira, usimamishwe wima na kukazwa kwa mkanda, na dirisha liachwe wazi kidogo. Gari lisiachwe juani likiwa limefungwa na mtungi ndani. Ikisikika harufu ya gesi, milango yote ifunguliwe, watu watoke, wala asiwepo wa kuwasha taa, kiberiti au injini hadi harufu iishe na mahali panapovuja pajulikane.

Jiko la mkaa lisiwekwe juu ya droo hata kidogo. Mahali pake ni ardhini, mbali na gari. Baada ya kupika makaa yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena, kisha yafukiwe. Makaa yaliyofunikwa na jivu huonekana yamekufa huku yangali hai, nayo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, lakini aliyelala hazisikii dalili hizo. Hulala na haamki. Kufungua kioo kidogo hakutoshi kumwokoa. Kwa hiyo usiku wa baridi, hata mvua ikinyesha, sigiri isiingizwe garini wala hemani ili kuwapasha watoto joto. Mablanketi ndiyo kazi yake. Mtu akikutwa amezimia katika hali hiyo, atolewe nje mara moja kwenye hewa safi na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Petroli ya akiba isikae pamoja na jiko. Jiko la mafuta ya taa lisijazwe likiwa linawaka au lingali moto. Kizima-moto cha unga kifungwe mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama nje waweza kukifikia bila kuvuka moto. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, yasimwagiwe maji, kwani maji yatayarusha. Sufuria ifunikwe kwa kifuniko chake, gesi ifungwe, na isiguswe hadi ipoe.

GARI LA SERIKALI

Askari mwenye kusoma maelezo haya akumbuke pia kwamba gari la kikosi si mali yake. Halitobolewi sakafu, halikatwi wala halibadilishwi bila idhini ya mkuu anayehusika, hata kama nia ni njema. Tundu moja lililotobolewa pasipopasa laweza kupitisha maji, kutu na hata kukata waya, na dereva atakayelipokea gari hilo baadaye hatajua chanzo chake. Sanduku hili ni la gari la mtu binafsi au la kukodi kwa ridhaa ya mwenyewe. Ubora wake ni kwamba bolti nne zikilegezwa, sanduku zima hutoka, likakaa nyumbani kama kabati la jikoni hadi safari nyingine. Katika nyumba ya chumba kimoja ya kambini, kabati kama hilo halikosi kazi.

JARIBIO KABLA YA SAFARI

Sanduku likiisha kukamilika lisipelekwe moja kwa moja katika safari ndefu. Kwanza lijazwe mawe yenye uzito wa kilo 34, droo ivutwe na kurudishwa mara 20, na bolti zikazwe tena. Kisha gari lipitishwe kwenye barabara mbovu kwa nusu saa, na liangaliwe kama komeo limelegea au skrubu imetoka. Mwisho, Jumamosi moja, familia na ipike chakula kizima uani mwa nyumba yake kwa kutumia vitu vilivyomo ndani ya sanduku tu, bila mtu kuingia nyumbani kuchukua hata kijiko. Kitakachokosekana siku hiyo kitajulikana pale palipo na jirani wa kuazima.

Hapo ndipo familia itakuwa tayari. Siku ya uhamisho ikifika, magodoro yatapangwa bila kukilalia chakula. Saa saba mchana gari litasimama chini ya mti, mbali na ukingo wa barabara. Baba ataweka mawe kwenye magurudumu na kuvuta droo, mama atapima upepo kabla ya kuwasha, na watoto watakaa upande wa mbele wa gari wakisubiri kuitwa. Watakula chakula cha moto kwa unga wao wenyewe, wataosha vyombo, watahakikisha moto umezimika, na watafunga makomeo yote mawili kabla dereva hajawasha injini.

Wahenga walisema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Afanyaye haraka ya kupigilia mbao na kuacha kuzifunga atakula siku ya kwanza, na huenda asile ya pili. Aliyepima, akafunga na kuuacha moto nje, atafika na watoto wake wote, wakiwa wameshiba, na fedha za wiki ya kwanza zikiwa bado mfukoni.